Wanywaji Wasiovunja Chungu

Mhindi mmoja ulikuwa umenyauka majani ya katikati ilhali wenzake wote walikuwa kijani. Mama mwenye shamba aliung'oa, akaulaza gotini, akaupasua kwa kisu cha jikoni kuanzia chini hadi juu. Tulikuwa nyuma ya Amagoro, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Malaba, mahali ambapo ukinyamaza unasikia malori yakibadilisha gia kuelekea mpakani. Ndani ya shina kulikuwa na njia iliyochimbwa, imejaa unga wa kahawia kama wa mbao iliyopigwa msumeno. Mwishoni mwa njia alilala kiwavi, mwili umelegea, na ubavuni pake kulikuwa na kitu kama mchele uliovunjika: punje nyeupe 40 hivi, zimeshikana kwa nyuzi laini kuliko pamba.

"Mayai ya mdudu hayo, mwanangu," mama alisema, na kidole gumba chake kikaanza kushuka.

"Ngoja kidogo, mama."

Kidole kikasimama hewani. Sikuwa na haki ya kumlaumu. Mimi mwenyewe nilikua nikiziponda punje kama hizo, nikiamini kwamba nazima kizazi kizima cha wadudu kabla hakijaamka. Na kweli nilikuwa nazima kizazi kizima, ila kile cha walinzi wa shamba.

Ndani ya kila punje alikuwa amelala nyigu. Usimfikirie yule nyigu wa darini anayekuchoma shingoni ukichokoza kiota chake. Huyu ana urefu wa milimita mbili au tatu, ni mweusi, hana kiota wala malkia, na mwiba wake hauna habari na ngozi ya binadamu. Jina lake la kisayansi ni Cotesia. Magharibi mwa Kenya wapo wawili wanaotuhusu katika mahindi: Cotesia sesamiae, mzaliwa wa Afrika, na ndugu yake Cotesia flavipes, aliyeletwa kutoka Asia.

Vitabu vya kilimo humwita nyigu kimelea, lakini kimelea tunayemjua sisi ni kupe au chawa, ambaye hunyonya na kumwacha ng'ombe akitembea. Nyigu huyu lazima mwishowe amuue aliyemkaribisha. Maabara humwita parasitoidi, na mdudu anayeliwa humwita mwenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika shina la mhindi mambo yamegeuka: mgeni akija mwenyeji hana kupona, na anayepona ni mwenye shamba.

Nataka tumfuate fundi huyu hatua kwa hatua, maana kazi yake haionekani kwa mtu mwenye haraka.

Jike akitoka kwenye kifukofuko chake ana siku mbili tatu tu za kuishi. Hupandwa palepale, mara nyingi na mmoja wa ndugu zake waliotoka pamoja naye, kisha huruka akiwa tayari amebeba mayai yake yote. Mbele yake kuna mihindi isiyohesabika, na kiwavi anayemtafuta, yule tunayemwita bungua wa shina, amejificha ndani kabisa. Atampata vipi kabla ya jua la kesho kutwa kuzama?

Mhindi wenyewe humwita. Bungua anapotafuna, mate yake hugusana na maji ya mmea, na mmea hujibu kwa kutoa harufu ambayo awali haikuwapo. Pua zetu haziinusi, bali kwa nyigu ni kama moshi wa jiko kwa msafiri mwenye njaa. Watafiti wa Marekani waliieleza lugha hii mapema miaka ya 1990. Baadaye watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, Mkenya aliyepitia Makerere, waliongeza jambo la kushangaza zaidi kutoka kambi yao ya Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Mwaka 2011 Amanuel Tamiru na wenzake walionyesha kwamba ipo mihindi inayoita kabla haijaliwa. Nondo wa bungua akitaga tu juu ya jani, mmea hutoa harufu inayowaita nyigu wa mayai na nyigu wa viwavi kwa pamoja. Miongoni mwa mbegu zenye uwezo huo walizozipima zimo Nyamula na Jowi, mahindi ya asili ya magharibi, ambayo wakulima wengi wameyaacha kwa sababu ya mazao yake madogo. Mahindi chotara waliyoyapima yalinyamaza.

Harufu ya mmea humfikisha nyigu kwenye mhindi. Kinachomfikisha mlangoni ni kinyesi cha kiwavi, ule unga wa kahawia unaomwagika kwenye tundu. Ukimtazama kwa kioo cha kukuzia utamwona akiugongagonga kwa vipapasio, kama mnunuzi wa nafaka anayeonja punje kabla ya kuuliza bei. Unga mkavu ni habari ya zamani, naye huuacha. Unga mbichi humfanya ainamishe kichwa na kuingia.

Humo ndani ni giza, njia ni nyembamba, na kiwavi ni mkubwa kuliko yeye mara nyingi sana. Hakuna nafasi ya kuzunguka. Kiwavi hugeuka, hutema, huuma, na nyigu wengi hufia humo tunduni wasionekane tena. Lakini kuchoma huchukua sekunde chache tu, na katika sekunde hizo hutaga mayai 30 hadi 60 ndani ya mwili wa kiwavi. Hata akiumwa akafa baada ya hapo, kazi imekwisha. Kwa kiumbe ambaye kesho kutwa atakuwa amekufa hata hivyo, hesabu hiyo si mbaya.

Kutaga, hata hivyo, ndiyo sehemu rahisi. Mwili wa kiwavi una ulinzi wake. Damu yake, ambayo si nyekundu, ina seli zinazozunguka zikitafuta kitu kigeni. Zikikikuta hukizingira tabaka juu ya tabaka, kama watu wanaofunika moto kwa udongo, hadi kikafa. Yai la nyigu likiachwa hivihivi lingezikwa hai. Kwa hiyo pamoja na mayai jike huingiza majimaji yenye virusi.

Virusi hivi haviambukizi kutoka kiwavi hadi kiwavi. Maagizo ya kuvitengeneza yameandikwa katika urithi wa nyigu mwenyewe, na hutengenezwa mahali pamoja tu, katika viungo vya uzazi vya jike. Wataalamu wa vinasaba wanakadiria kwamba mababu wa nyigu hawa waliambukizwa miaka milioni 100 hivi iliyopita, na kirusi kile hakikutoka tena. Badala ya kuwa ugonjwa kikawa chombo cha kazi, kikarithishwa kizazi hadi kizazi kama patasi ya seremala anayemfundisha mwanawe. Kikiingia katika damu ya kiwavi, zile seli za ulinzi hulegea na kushindwa kushikana.

Hapo ndipo penye jambo ambalo dereva wa lori aliyepanga foleni Malaba angelielewa upesi. Cotesia sesamiae ana koo zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa uwezo. Huku bara mmoja wa bungua wakuu ni Busseola fusca, na nyigu wa Kitale humshinda bila taabu. Nyigu wa jamii hiyohiyo kutoka Mombasa hamwezi. Mpakie nyigu wa Mombasa kwenye trela, msafirishe kilomita zaidi ya 900 hadi hapa mpakani, umfungulie katika shamba lenye Busseola. Atanusa, ataingia, atachoma, atataga kama inavyopaswa. Kisha mayai yake yatazingirwa, yatakufa yote, na kiwavi ataendelea kula. Watafiti wameifuata tofauti hiyo hadi kwenye jeni za virusi vile: ufunguo wa Pwani hauingii katika kufuli la huku. Hata Cotesia flavipes, bingwa wa kumshinda bungua wa Asia, humchoma Busseola bila kujua kwamba anapoteza mayai yake.

Ukitaka kuelewa kinachofuata, kaa kidogo nyumbani kwa Wateso. Wazee huketi kuzunguka chungu kimoja cha ajono, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Chungu kiko katikati na hakuna anayekisogeza. Kila mtu hunywa kwa mwendo wake, mazungumzo yanaendelea, na pombe ikizidi kuwa nzito mwenye nyumba huongeza maji ya moto. Chungu kikivunjika, kikao kimekwisha kwa wote.

Mabuu ya Cotesia hunywa hivyohivyo. Siku tatu hivi baada ya kutagwa huanguliwa, na kwa siku kumi au zaidi kidogo huishi ndani ya kiwavi wakinywa damu yake. Moyo wanauacha. Utumbo wanauacha. Neva wanaziacha. Kiwavi huendelea kutembea na kutafuna mhindi, yaani huendelea kuongeza maji ya moto chunguni bila kujua anawahudumia akina nani. Akifa kabla ya wakati, 40 wote wamekufa naye. Kwa hiyo hapa ufundi ni kipimo: kula vya kutosha ukue, usile kiasi cha kumwangusha, na mumalize pamoja.

Na kweli humaliza pamoja. Siku ikifika hutoboa ngozi ya ubavuni, karibu wote kwa wakati mmoja, na papo hapo kila mmoja huanza kujifumia kifuko cha hariri nyeupe. Kiwavi huwa bado ana uhai kidogo, lakini njaa imemwisha na hatakuwa nondo. Baada ya siku sita hivi vifuko hufunguka juu, na kundi jipya hutoka kutafuta harufu. Zile punje ambazo kidole cha mama kilitaka kuziponda zilikuwa zimefika hapo, kwenye mapumziko ya mwisho kabla ya kazi.

Cotesia ni fundi mmoja tu. Karakana nzima ilijionyesha pale alipokuja mgeni mbaya zaidi.

Kiwavijeshi vamizi asili yake ni Amerika. Aliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa tayari katika mahindi ya magharibi mwa Kenya. Nondo wake huruka usiku na upepo humsaidia, hivyo mpaka kwake ni uwanja tu. Wakulima walimwaga mchanga, majivu na maji ya sabuni katikati ya majani machanga, kisha wakabeba pampu mgongoni. Nondo huyo hutaga mayai 100 hadi 200 kwa mkupuo, yamepangwa tabaka juu ya tabaka, na juu huyafunika kwa manyoya ya mwili wake kama blanketi.

Blanketi hilo lina dawa yake. Telenomus remus ni nyigu wa nusu milimita na ushei, karibu ukubwa wa nukta inayofunga sentensi hii. Hupenya manyoya, hushuka hadi tabaka la chini, na huweka yai lake moja ndani ya kila yai la nondo. Akimaliza yai moja huliburuzia ncha ya mwiba wake kuacha alama, ili asirudie na ili mwenzake ajue limeshashughulikiwa. Maofisa wa kituo cha mpakani Busia hawapigi mhuri kwa uangalifu kama ule. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 Telenomus alikutwa katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, akiendelea na kazi yake.

Chelonus, nyigu mwingine, ana mbinu ya kuvumilia zaidi. Hutaga ndani ya yai la nondo, kisha huliacha yai lianguliwe. Kiwavi hutoka, hula, hutembea, na ukimtazama huoni kasoro. Ndani yake mtoto wa Chelonus anasubiri. Wakati ukifika, kiwavi hujikuta anajiandaa kuwa bundo kabla ya umri wake, kama mtoto aliyevishwa koti la harusi, na mtoto wa nyigu hummaliza akiwa tayari amejichimbia mahali salama.

Kuna pia Cotesia icipe, aliyepewa jina lake la kisayansi mwaka 2017, mwaka uleule kiwavijeshi alipofika kwetu. Alijulikana kwanza kutokana na viwavi wa mchicha nchini Kenya. Huyu hanywi kwa kikao. Kiwavi mmoja humlea mtoto mmoja, na utaona kifuko kimoja cheupe peke yake kwenye jani. Katika mashamba ya Ethiopia yaliyochunguzwa mapema, matokeo yakatangazwa mwaka 2018, kati ya viwavijeshi 34 na 45 katika kila 100 walikuwa wamebeba nyigu huyu. Mdudu ametoka ng'ambo ya bahari, na nyigu wa Afrika ambaye hakuwahi kumwona amejifunza kumtumia ndani ya misimu michache.

Nyigu wengine wamehitaji kusafirishwa, na safari zao ni ndefu kuliko za trela yoyote ya Malaba. Cotesia flavipes aliletwa Kenya kutoka Pakistani mwaka 1991, kumfuata Chilo partellus, bungua wa Asia aliyekuwa akila mahindi ya Pwani tangu miaka ya 1950. Hakufunguliwa hadi mwaka 1993. Kwa nini kusubiri? Kwa sababu nyigu nao wana nyigu wao. Wapo wadogo zaidi wanaotaga ndani ya vifuko vya Cotesia, na ukimleta fundi bila kumkagua unaweza kumleta na muuaji wake. Hufugwa kwanza katika vyumba vilivyofungwa, vizazi kadhaa, huku wakijaribiwa wanamshambulia nani na wanamwacha nani, na kamati ya serikali ya kuingiza mimea na wadudu lazima iridhie. Nondo wa kiwavijeshi hakuomba kibali kwa mtu yeyote. Nyigu aliomba.

Hadithi kubwa kuliko zote ya aina hii ni ya muhogo, na Busia ni nchi ya muhogo: utauona umemenywa na kuanikwa kando ya barabara kutoka Amukura hadi Alupe, ukisubiri kusagwa pamoja na mtama au wimbi. Mapema miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo kutoka Amerika Kusini alitokea Kongo, na kutoka hapo akaenea bara zima, akikunja majani na kukausha vichwa vya mihogo. Nyigu wa kumdhibiti, Anagyrus lopezi, alipatikana Paraguay mwaka 1981, na mwaka huohuo akafunguliwa Nigeria kupitia taasisi ya IITA, katika mradi ulioongozwa na Hans Rudolf Herren wa Uswisi. Baadaye alisambazwa katika nchi zaidi ya 20, pengine hata kwa ndege. Kidung'ata akawa mdudu wa kawaida badala ya kuwa baa. Herren akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, wakati huo akiwa mkurugenzi wa icipe jijini Nairobi. Mkulima hakulipa hata senti, na wengi hawakujua kwamba kuna kilichofanyika.

Kumsifu fundi si kumsingizia miujiza. Katika mahindi ya kwetu, sehemu ya bungua wanaobeba Cotesia kwa kawaida ni ndogo, mara nyingi haifiki mmoja kati ya kumi. Muhogo uliookolewa na nyigu wa Paraguay ulipigwa tena katikati ya miaka ya 1990 na ugonjwa wa batobato mkali ulioingia kutoka Uganda. Inzi weupe wanaoueneza wana nyigu wao, lakini nyigu hao hawakutosha kuuzuia. Na mama yule wa Amagoro mhindi wake ulikuwa umeshakufa nilipofika. Nyigu hakuuokoa ule. Alipunguza nondo ambao wangeshambulia mihindi ya msimu unaofuata, na faida ya namna hiyo haionekani kwa macho.

Kwa hiyo wajibu wa mkulima ni kumwongezea fundi nafasi, na hapo magharibi mwa Kenya tuna la kujivunia. Mwaka 1997 Zeyaur Khan na wenzake wa Mbita, pamoja na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza, walichapisha ugunduzi kuhusu nyasi ya molasi. Nyasi hii hutoa, bila kuguswa na mdudu, harufu ileile ambayo mhindi hutoa ukitafunwa. Ukiipanda kati ya mistari ya mahindi, nondo wa bungua huhisi kwamba mahali pamejaa na kupaepuka, na Cotesia sesamiae huitikia wito na kuja kwa wingi. Kutokana na utafiti huo ulikua mtindo wa vuta-sukuma: desmodiamu kati ya mistari kumsukuma nondo, na nepia au brakaria kuzunguka shamba kumvuta nje. Wengi wa Busia waliupokea kwa sababu nyingine kabisa, kwamba desmodiamu huua kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi, na kwamba ng'ombe wanapata majani. Kiwavijeshi alipokuja, mashamba hayo yalikuwa tayari. Katika msimu wa mvua ndefu wa 2017 wakulima 250 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofuata mtindo huo walifuatiliwa, na viwavi kwenye mihindi yao walikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 wakilinganishwa na mashamba ya mahindi matupu.

Kinyume chake ni pampu. Sitamwambia mtu mwenye watoto wa kulisha asinyunyizie dawa kabisa. Lakini dawa nyingi za dukani hazichagui. Bungua akishaingia ndani ya shina, dawa humpita juu, huku nyigu anayetembea kwenye majani akimtafuta akiloa mwili mzima. Anayenyunyizia kila wiki kwa kalenda, bila kupasua shina hata moja kuangalia kilichomo, analipa pesa kumfukuza kibarua wa bure.

Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali la mkulima: "Sasa hivi vitu nivifanyie nini?"

Tulikata kipande cha shina chenye zile punje, tukakiingiza kwenye mkebe mkavu, tukafunga kitambaa chepesi mdomoni, tukauweka mkebe kivulini chini ya ghala, mbali na siafu na kuku. Siku ya tano mwanawe alinipigia simu. Kulikuwa na vumbi jeusi ndani ya mkebe, alisema, na vumbi hilo lilikuwa linatembea. Mama alikuwa ameufungua mkebe katikati ya mahindi asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, na ndani ya dakika chache ulikuwa mtupu.

Wewe unayelima, iwe Teso, Samia, Marachi au kwingineko, ukipasua shina lililonyauka ukakuta kiwavi mnono anayekimbia, mponde. Ukimkuta amelegea, ana punje nyeupe ubavuni, usimtupe motoni wala usimpe ng'ombe. Rudisha kipande hicho cha shina kivulini, shambani mwako, uendelee na palizi.